Maître de chai hapiki chai: namna ya kufasiri Kifaransa cha mvinyo kwenda Kiingereza

Mwongozo huu ni kwa mfasiri aliyesoma kwa Kifaransa na anayetafuta riziki kwa Kiingereza. Kwetu watu hao wapo wengi: Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, Kigali, na wenzao waliohamia Ulaya. Siku moja wakala anakutumia ukurasa mmoja wa "fiche technique", yaani karatasi ya maelezo ya mvinyo, maneno yasiyofika mia tatu, na anataka Kiingereza chake kesho asubuhi. Ukiitupia jicho unaona ni kazi ya nusu saa. Kisha unaanza kusoma: kuna "chai", ambalo ni jengo la kuhifadhia mapipa, kuna "collage" isiyohusu gundi, "élevage" isiyo na ng'ombe wala mbuzi, na "climat" isiyosema lolote kuhusu mvua.

Kamusi ya kawaida itakupa maana tano za kila neno na kukuacha hapo. Mimi hufuata kanuni moja: kabla ya kutafuta Kiingereza, hakikisha unaweza kueleza kwa Kiswahili cha kawaida ni nani anafanya nini, kwenye chombo gani, na kwa sababu gani. Ukishindwa kueleza hivyo, bado hujalielewa neno, hata kama kamusi imekupa jibu. Hatua zinazofuata zinajengwa juu ya kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Uliza nani atasoma

Swali hili liulize kabla ya kukubali bei. Muagizaji wa London, duka la New York, maabara ya Australia na mwandishi wa kadi ya mgahawa hawasomi Kiingereza kimoja. Mwingereza huandika "oenology", "ageing" na "sulphur". Mmarekani huandika "enology", "aging" na "sulfur". Mizabibu inapochipua baada ya baridi, Mfaransa anaita "débourrement". Uingereza na Australia watasema "budburst", Marekani "bud break". Vichala vizima vilivyoingia tangini bila kutolewa vikonyo ni "whole bunch" upande mmoja wa Atlantiki na "whole cluster" upande wa pili. Chagua upande mmoja na ukae huko hadi mwisho wa faili.

Jua pia kina kinachotakiwa. Mtaalamu wa maabara anataka kila "remontage", yaani kila mara mvinyo ulipozungushwa kwa pampu, na joto lake. Msomaji wa kadi ya mgahawa hahitaji kujua kuwa pampu ilitumika. Anataka kujua mvinyo una ladha gani na unakwenda na chakula gani. Mfasiri si mhariri, kwa hiyo usikate kitu bila ruhusa, lakini mshauri mteja. Wengi hawajawahi kufikiria kwamba karatasi moja haiwezi kuwafaa wote.

Hatua ya 2: Fuata zabibu kutoka shambani hadi chupani

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mwingi, na ukiifanya vizuri mara moja itakulipa miaka. Chukua karatasi, andika safari ya zabibu kwa Kiswahili, kisha pachika Kifaransa na Kiingereza pembeni ya kila kituo.

Anza na tunda lenyewe, maana hapo hapo pana mtego. "Raisin" ya Kifaransa ni zabibu mbichi. "Raisin" ya Kiingereza ni zabibu kavu. Kiswahili nacho hakikusaidii sana, kwa sababu sisi twaita zote zabibu na kuongeza "kavu" pale tu inapobidi. Halafu "grappe", inayofanana na "grape" ya Kiingereza, ni kichala. Kwa hiyo "grappes de raisin" ni "bunches of grapes", na maneno yote mawili yamebadilishana viti. Punje moja ni "baie", kwa Kiingereza "berry". Ganda ni "pellicule", yaani "skin", wala si filamu. Mbegu ni "pépin". Kikonyo kinachoshika punje zote ni "rafle", kwa Kiingereza "stem" au "stalk".

Aina ya mzabibu ni "cépage", Kiingereza chake "grape variety". "Vigne" ni mzabibu au shamba la mizabibu, kutegemea sentensi. "Vignoble" huleta taabu zaidi: "un vignoble de 12 hectares" ni shamba la mtu mmoja, lakini "le vignoble bordelais" ni eneo zima la Bordeaux linalozalisha mvinyo, na hapo Kiingereza kinataka "wine region". "Vigneron" analima na mara nyingi anatengeneza mvinyo mwenyewe. "Winegrower" ndilo linalomkaa. "Viticulteur" ni mkulima wa zabibu, na huenda anauza mavuno yake kwa ushirika bila kugusa pipa. Naye "œnologue" ana cheo kinacholindwa na sheria ya Ufaransa tangu 1955, cheo cha mwenye diploma. Kwa hiyo usimwite kila mtengenezaji "oenologist" kwa kuwa tu anaonja kwa ustadi. Neno "winemaker" la Kiingereza ni pana kuliko hayo yote, na mara nyingi ndilo salama.

Sasa tuingie ndani. Vichala vinafika, vinapita kwenye "table de tri", meza ya kuchambulia, ambako majani na punje zilizooza hutolewa. Vikonyo vinatolewa: "égrappage" au "éraflage", yote mawili ni "destemming". Punje zinapasuliwa: "foulage", "crushing". Hapa njia zinaachana. Zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa mara moja, na maji yake, "moût", yaani "must" au "juice", huachwa yatulie ili takataka zishuke. Kutulia huko ni "débourbage", kwa Kiingereza "settling". Takataka zenyewe ni "bourbes". Angalia sana tofauti ya "bourbes" na "lies": za kwanza ni masimbi ya maji ya zabibu kabla hayajachachuka, vipande vya maganda na udongo kidogo, za pili ni mashapo yanayobaki baada ya kuchachuka, na sehemu kubwa ni hamira iliyokufa. Kiingereza cha haraka huita zote "lees", lakini mtengenezaji anayesema ameacha mvinyo wake juu ya "lies fines" kwa miezi minane hatafurahi ukimwandika kana kwamba aliuacha juu ya tope. Andika "fine lees" kwa hizo, na "juice solids" kwa zile za mwanzo. Kuyakoroga mashapo kwa fimbo ndani ya pipa ni "bâtonnage". Wengi wa Kiingereza huliacha neno hilo lilivyo. "Lees stirring" ni sawa vilevile.

Zabibu nyekundu huingia tangini pamoja na maganda yake, na hapo ndipo wafasiri huumbuka zaidi. Uchachukaji unapoanza, gesi husukuma maganda juu yakaunda tabaka nene linaloelea. Tabaka hilo ni "chapeau", na Kiingereza kinaliita "cap". Nimewahi kukutana na "hat" kwenye karatasi iliyochapishwa kwa rangi nne. Tabaka likikauka linaharibika, na rangi iliyomo kwenye maganda haitoki, kwa hiyo lazima lilowanishwe. Njia ni tatu. Katika "remontage", mpira unafungwa chini ya tangi, pampu inavuta mvinyo, na mvinyo unamwagwa juu ya maganda: "pumping over". Katika "pigeage", mtu anasimama juu ya tangi na mti wenye kitako kipana, au anaingia kwa miguu yake, na kuyazamisha maganda: "punching down". Katika "délestage", tangi linamwagwa lote kwenye tangi jingine, maganda yanashuka na kukaa chini kwa saa kadhaa, kisha mvinyo unarudishwa juu yake: "rack and return". Ukiona picha hizi tatu kichwani, hutayachanganya tena.

Muda wote ambao mvinyo unakaa na maganda ndani ya tangi ni "cuvaison". Kiingereza hakina neno moja linalopendwa na wote. "Time on skins" linaeleweka kila mahali, kwa mfano "21 days on skins". Mwisho wake mvinyo unaotiririka wenyewe, "vin de goutte", unatolewa: ni "free-run wine". Kinachobaki ni machicha, "marc", kwa Kiingereza "pomace", nayo yakikamuliwa yanatoa "vin de presse", "press wine".

Kutoka hapo ni "élevage". Kiswahili kingesema kulea, na Mfaransa naye anawaza hivyo hivyo, mvinyo kama mtoto anayekuzwa. Kiingereza kimeliacha wazo hilo. Andika "ageing" au "maturation" na usiombe radhi. Wakati wa kulea, mvinyo unahamishwa kutoka pipa hadi pipa kuacha mashapo, "soutirage", kwa Kiingereza "racking". Pipa linapopungua kwa uvukizi hujazwa, "ouillage", "topping up". Kabla ya kutiwa chupani husafishwa kwa kitu kinachokamata chembe na kuzishusha, kama ute wa yai au udongo wa bentonaiti: hiyo ndiyo "collage", kwa Kiingereza "fining".

Mwenye nafasi ya kufika Dodoma wakati wa mavuno aende akaangalie. Wakulima wa huko wanavuna mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Bordeaux, lakini kazi ya kukamua na kuchachua ni ile ile. Nusu siku karibu na tangi inafundisha zaidi ya kamusi tatu.

Hatua ya 3: Amua lipi libaki Kifaransa

Maneno ya mvinyo yanaingia kwenye mafungu matatu. Yapo ambayo Kiingereza kimeyachukua mazima: "terroir", "négociant", "véraison", "blanc de blancs", "dosage". Haya yaache. Yapo yenye neno la kazi la Kiingereza linalotumika kila siku, kama tuliyoyapitia hapo juu. Hayo fasiri, kuacha "soutirage" kwenye maandishi ya Kiingereza ni uvivu uliovaa suti. Na yapo yanayolindwa na sheria au yaliyo majina, ambayo hayaguswi hata kama unajua maana yake.

Fungu hilo la mwisho lina mitego yake. "Vendanges tardives" ukiikuta kwenye maelezo ya kawaida ni "late harvest", lakini kwenye lebo ya Alsace ni daraja la kisheria, nayo inabaki ilivyo. "Vin doux naturel" si mvinyo mtamu wa asili. Ni mvinyo kama Banyuls au Rivesaltes, ambao uchachukaji wake umesimamishwa kwa kutiwa pombe kali. Kitendo hicho ni "mutage". Acha jina, kisha eleza mara moja kuwa ni "fortified wine". "Méthode champenoise" haitakiwi nje ya Champagne. Anayetengeneza kwa njia hiyo Loire au Limoux huandika "méthode traditionnelle", nawe andika "traditional method". Baraza la mvinyo la Bourgogne nalo limekuwa likiomba jina libaki "Bourgogne" hata kwa Kiingereza, badala ya "Burgundy". Waandishi wengi wa Kiingereza hawajatii. Mimi humuuliza mteja. Akiwa ni mzalishaji wa huko, karibu kila mara atataka "Bourgogne".

"Cru" inahitaji umakini wa peke yake. Kwenye uainishaji wa Bordeaux wa 1855, kwa mvinyo mwekundu, "premier cru classé" ndicho kilele, na Waingereza wana neno lao la zamani, "First Growth". Ukiwa Bourgogne, "premier cru" iko chini ya "grand cru", kwa hiyo "First Growth" huko ni uongo mtupu. Ukienda Champagne, "grand cru" ni cheo cha kijiji, navyo viko 17. Beaujolais wana "crus" kumi, ambazo ni maeneo yenye majina yake, kama Morgon na Fleurie. Tumia "First Growth" kwa Bordeaux ya 1855 tu, kwingine kote acha Kifaransa.

Hatua ya 4: Tega sikio kwa maneno yenye sura mbili

Marc ni machicha. Marc pia ni pombe kali inayokenekwa kutoka kwenye machicha hayo. Na Champagne, "un marc" ni kipimo: kilo 4,000 za zabibu zinazoingia kwenye mashine ya kukamulia kwa mkupuo mmoja. Kutoka kwenye kilo hizo sheria inaruhusu lita 2,050 za kwanza, zinazoitwa "cuvée", na lita 500 zinazofuata, zinazoitwa "taille". Tazama sasa yaliyotokea kwa maneno hayo mengine mawili. "Taille" kwingineko ni kupogoa mizabibu, "pruning". "Cuvée" kwingineko ni mvinyo fulani wenye jina lake, au mchanganyiko maalumu. Mzalishaji wa Champagne anaweza kuyatumia yote kwa maana zote ndani ya aya mbili, na haoni tatizo lolote. Sentensi ikitaja lita, mashine au kukamua, uko kwenye maana ya kipimo. Ikitaja Januari, mkasi au matawi, uko shambani. Ama "cette cuvée" ya kwenye matangazo, iandike "this wine" na uendelee na maisha.

"Vendange" ni mavuno kama tendo, na pia ni zabibu zenyewe zilizovunwa. "Vendange entière" ni vichala vizima. "Vendange en vert" wala si mavuno: ni kukata na kutupa vichala vichanga wakati wa kiangazi ili vilivyobaki viive vizuri, kwa Kiingereza "green harvesting" au "crop thinning".

"Pied de vigne" ni shina la mzabibu. "Franc de pied" ni mzabibu usiopandikizwa, uliosimama kwenye mizizi yake wenyewe, "own-rooted" au "ungrafted". Ni jambo la kujivunia Ulaya, ambako filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi ya mizabibu, katika karne ya 19 ililazimisha karibu kila mtu kupandikiza kwenye mashina ya Marekani. Halafu "pied de cuve" haihusu sakafu ya tangi hata kidogo. Ni kiasi kidogo cha zabibu kilichochachushwa mapema ili kianzishe uchachukaji wa tangi zima, yaani chachu. Kiingereza chake ni "starter", na wengine huacha Kifaransa.

"Climat" kwa Bourgogne ni kipande cha shamba chenye mipaka na jina lake. UNESCO iliviingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015, navyo ni 1,247. Acha neno, na mara ya kwanza eleza kuwa ni "named vineyard plot".

Na "biologique". Hii ni "organic", wala si "biological". Ila mtego wa kweli uko mbele zaidi. Tutaufikia kwenye lebo.

Hatua ya 5: Geuza namba, usizinakili

Wafasiri wengi hudhani namba hazifasiriwi. Kwenye mvinyo wa Kifaransa dhana hiyo ni hatari, na kosa lake halionekani kwa macho.

Chukua uchachu. Ufaransa hueleza "acidité totale" kwa gramu za asidi ya salfuriki kwa lita. Nchi zinazozungumza Kiingereza huieleza kwa asidi ya tartariki. Mvinyo ni ule ule, kizio ni kingine. Karatasi ikisema "AT : 3,5 g/l H2SO4", zidisha kwa 1.53 upate takriban 5.4, kisha andika "TA: 5.4 g/L (as tartaric acid)". Ukinakili 3.5 bila kizio, mnunuzi wa California ataona mvinyo uliopooza, usio na uhai mdomoni, na hatakuambia kwa nini hakununua. Tatizo ni kwamba karatasi nyingi za Kifaransa haziandiki hata "H2SO4", kwa kuwa kwao ni jambo linalojulikana. Ukiona uchachu wa mvinyo mkavu kati ya 3 na 4.5, shuku kuwa ni salfuriki, na uliza.

Asidi tete, "acidité volatile", nayo huandikwa kwa salfuriki Ufaransa na kwa asidi ya siki kwenye Kiingereza. Zidisha kwa 1.225. "AV : 0,40" inakuwa "VA: 0.49 g/L (as acetic acid)".

Vifupisho vyenyewe vinageuka kichwa chini: AT inakuwa TA, AV inakuwa VA, FA (uchachukaji wa pombe) inakuwa AF, FML (uchachukaji wa malolaktiki) inakuwa MLF, TAV (kiwango cha pombe) inakuwa ABV, IPT (kipimo cha polifenoli) inakuwa TPI. "12,5 degrés" ni "12.5% ABV", na mkato wa Kifaransa unakuwa nukta. Fanya msako wa mkato mmoja mmoja kabla ya kutuma. Programu za kufasiri huacha mmoja au miwili kila mara.

Sukari: Mfaransa hupima uzito wa maji ya zabibu na kuandika "densité 1090". Mmarekani anataka Brix, ambayo hapo ni karibu 21.6. Usikokotoe kwa kichwa, tumia jedwali, na umwachie mteja namba ya asili kwenye dokezo. Mavuno: "50 hl/ha" Mwingereza anaielewa, Mmarekani anawaza tani kwa eka, na hapo ni kitu cha karibu tani 3. Hesabu hiyo inategemea kiasi cha maji kinachotoka kwenye tani moja, kwa hiyo mimi huacha hektolita na kuongeza makadirio pale tu mteja anapoomba.

Vyombo pia ni namba zilizojificha. "Barrique" ya Bordeaux ni lita 225, "pièce" ya Bourgogne ni lita 228. "Demi-muid" kwa kawaida ni lita 600. "Foudre" ni pipa kubwa mno lisilobebeka. Ukiyaita yote "barrels", umefuta habari ambayo mnunuzi alikuwa anaitafuta. Andika ukubwa wake pale unapoujua.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye aya nzima

Huu ni mfano niliouunda kwa kufuata mtindo wa karatasi za kawaida:

"Vendange manuelle en cagettes, 20 % de vendange entière. Macération préfermentaire à froid, levures indigènes. Cuvaison de 21 jours, pigeages quotidiens puis remontages légers. Élevage de 12 mois en fûts, dont 30 % neufs, le reste d'un à trois vins. Collage au blanc d'œuf. Mise en bouteille sans filtration."

Kwa muagizaji wa Uingereza ningeandika:

"Hand-picked into small crates, 20% whole bunch. Cold soak, then fermentation with native yeasts. 21 days on skins, with daily punching down followed by light pumping over. Aged for 12 months in barrel: 30% new, the rest second to fourth fill. Fined with egg white. Bottled unfiltered."

"Vendange" imeonekana mara mbili katika sentensi moja: mara ya kwanza ni tendo, mara ya pili ni tunda, na Kiingereza hakijatumia "harvest" hata mara moja. "Levures indigènes" ni hamira zilizoko kwenye zabibu na ndani ya jengo, ambazo hazikununuliwa kwenye pakiti. "Wild" lingefaa vilevile, ila baadhi ya wateja huliona linanuka uzembe. Kwenye Kifaransa tendo lenyewe la kuchachua halikutajwa, lakini Kiingereza kinalihitaji, ndiyo maana "fermentation" imeingia. Sikuandika "oak". Mapipa karibu yote ni ya mwaloni, ila wapo wanaotumia mti wa akasia au mchestinati, na karatasi haikusema.

"D'un à trois vins" ndiyo inayowaangusha wazoefu. Pipa "d'un vin" limeshabeba mvinyo mmoja, kwa hiyo sasa linajazwa mara ya pili: "second fill". La "trois vins" linajazwa mara ya nne. Ukiandika "first to third fill" umesogeza kila pipa nyuma mwaka mmoja, na umedai mapipa mapya zaidi ya yale yaliyopo. Mapipa mapya ni ghali, hivyo mnunuzi anaisoma namba hiyo kwa makini.

Hatua ya 7: Kwenye lebo, sheria iko mbele ya lugha

Lebo ya kwenda Marekani hupitishwa na shirika la serikali, TTB, na onyo la afya lililoletwa na sheria ya 1988 lina maneno yake yaliyopangwa. Linakiliwe neno kwa neno. Ukilifasiri kutoka kwenye onyo la Kifaransa, lebo itarudishwa.

Hapo ndipo "vin biologique" inapouma. Ndani ya Umoja wa Ulaya mvinyo wa namna hiyo unaruhusiwa kutiwa salfaiti kwa kiwango fulani, na "organic wine" ni tafsiri halali. Marekani, "organic wine" haitakiwi kuwa na salfaiti iliyoongezwa. Mvinyo ule ule ukifika kule huandikwa "made with organic grapes", ukitimiza masharti yao. Mwambie mteja mapema, kabla lebo elfu kumi hazijachapishwa.

Ute wa yai na bidhaa za maziwa zinazotumika kwenye "collage" ni vizio vya mzio, na Ulaya inataka vitajwe mabaki yake yakiweza kugunduliwa. Kwa Champagne, usiguse viwango vya utamu. "Extra-sec" ina gramu 12 hadi 17 za sukari kwa lita, "sec" ina 17 hadi 32, na zote ni tamu kuliko "brut", ambayo iko chini ya 12. Ukifasiri "sec" kwa "dry" kwenye maelezo, ongeza gramu zake pembeni, la sivyo msomaji ataelewa kinyume.

Hatua ya 8: Thibitisha, kisha uliza

Kwa istilahi za kisheria na za maabara, fungua EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, tafuta kanuni ya Ulaya 2019/934 kuhusu mbinu za kutengeneza mvinyo, na uiweke Kifaransa na Kiingereza bega kwa bega. Hifadhi ya istilahi ya IATE inasaidia kwa neno moja moja. Shirika la kimataifa la mvinyo, OIV, lililoanzishwa mwaka 1924, hutoa kanuni zake kwa lugha hizo zote mbili. Kiingereza cha vyanzo hivi ni kikavu, kwa hiyo kwa mtindo soma karatasi za wazalishaji wa Australia, New Zealand na Oregon, walioandika kwa Kiingereza tangu mwanzo. Usitegemee tovuti za Kiingereza za wazalishaji wa Kifaransa kama ushahidi. Nyingi zilifasiriwa na mtu aliyekuwa na haraka kuliko wewe.

Kila neno ulilolithibitisha liingize kwenye jedwali lako: Kifaransa, Kiingereza cha Uingereza, cha Marekani, na maelezo mafupi ya Kiswahili ya kazi inayofanyika. Safu hiyo ya mwisho ndiyo utakayoirudia zaidi.

Yaliyobaki yaulizwe kwa barua moja, si vipande kumi. Barua yangu ya kawaida ina maswali kama haya: uchachu umepimwa kwa salfuriki au tartariki? Mapipa ni ya mti gani, na ya lita ngapi? "Cave" mnayoitaja iko chini ya ardhi, au ni jina la ushirika? "Lutte raisonnée" mnamaanisha nini hasa shambani, mnapunguza dawa au mna cheti? Hilo la mwisho halikwepeki, kwa sababu "reasoned struggle" haisomeki, na "sustainable" inaweza kudai kitu wasichokuwa nacho. Wazalishaji hujibu haraka kuliko mawakala, na mara nyingi jibu linakuja na picha kutoka kwenye chai.

Ukituma kazi, ambatisha dokezo la mistari michache: namba ulizogeuza na kizio cha asili, majina uliyoyaacha kwa Kifaransa, na maswali ambayo hayajajibiwa.